Bahasha, Hesabu na Macho ya Umma: Historia ya Sheria ya Zabuni katika Mji wa New York (1853–1989)

1. Utangulizi

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili ya zamani yahusuyo ushindani wa bei: mnada na zabuni. Neno mnada lina asili ya Kiarabu na linatokana na kuita kwa sauti. Ndiyo maana mnadi husimama mbele ya watu akataja bei, na wanunuzi wakapandishana hadharani mpaka abaki mmoja. Kuzabuni, kwa mujibu wa kamusi za zamani, kulikuwa ni kutoa bei katika mnada wa namna hiyo. Siku hizi maana imegeuka. Tusemapo zabuni tunafikiria kwanza mji au serikali inayotaka kujengewa barabara, shule au soko, na wauzaji wanaoshindana kuishusha bei badala ya kuipandisha. Tena bei hiyo haiitwi kwa sauti. Huandikwa, ikafungwa ndani ya bahasha, ikasubiri siku yake. Mnunuzi amekuwa mmoja, wauzaji wamekuwa wengi, na sauti ya mnadi imenyamazishwa mpaka saa ya kufungua.

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya utaratibu huo katika mji mmoja, yaani New York nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1853 hadi marekebisho ya mwaka 1989. Tumeuchagua mji huo kwa sababu mbili. Kwanza, kumbukumbu zake ni nyingi na zimechunguzwa kwa makini na wanahistoria. Pili, New York inatupa fundisho ambalo haliko wazi kwa mtazamo wa kwanza: mji huo ulikwisha kuwa na sheria njema ya zabuni, na hata hivyo fedha zake ziliibwa kwa kiasi kisichokuwa na mfano katika karne ile. Hivyo swali letu si kama sheria ilikuwapo. Tunauliza sheria ya zabuni hulinda nini hasa, na yenyewe hulindwa na nani. Jibu tutakalolitetea ni kwamba sheria hiyo hulinda fedha za umma kwa kadiri ile tu ambayo umma wenyewe unaweza kuisoma. Mwishoni tutaligeuza swali hilo kuelekea nchi yetu na lugha yetu.

2. Wezi Arobaini na sheria ya 1853

Katikati ya karne ya 19 New York ilikuwa ikikua kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 1850 ilikuwa na wakazi zaidi ya 500,000. Miaka kumi baadaye walizidi 800,000. Mji wa namna hiyo hauwezi kuishi bila kununua. Barabara zilipaswa kusawazishwa na kutandazwa mawe, mifereji ya maji machafu kuchimbwa, gati kujengwa, na makaa ya mawe kununuliwa kwa ajili ya ofisi na hospitali. Kila hitaji lilikuwa mlango wa fedha, na kila mlango ulikuwa na mtu aliyeshika ufunguo.

Ufunguo huo ulikuwa mikononi mwa Baraza la Mji, lililokuwa na vyumba viwili vya madiwani ishirini ishirini. Baraza lililoingia madarakani mwaka 1852 lilipewa na wananchi jina la Wezi Arobaini, jina ambalo msomaji wa hadithi za Alfu Lela Ulela hahitaji kuelezwa. Madiwani walituhumiwa kuuza ruhusa za njia za magari ya farasi, na kununua mali kwa niaba ya mji kwa bei waliyoiongeza wenyewe. Wanahistoria wanasimulia kisa cha ardhi iliyonunuliwa kwenye kisiwa cha Wards kwa ajili ya makaburi ya maskini: mwenye ardhi alitaka dola 30,000, lakini hazina ya mji ililipa zaidi ya dola 103,000. Miongoni mwa madiwani wa baraza hilo alikuwamo kijana mmoja, fundi wa viti kwa asili, jina lake William Tweed. Msomaji alishike jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Malalamiko ya wafanyabiashara na walipa kodi yalizaa chama cha marekebisho, na mwaka 1853 bunge la jimbo la New York likairekebisha katiba ya mji. Ndani yake kulikuwa na kifungu kifupi chenye uzito mkubwa. Kilisema kwamba kazi yoyote au manunuzi yoyote ya mji yatakayozidi gharama ya dola 250 yafanywe kwa mkataba, na mkataba huo utokane na bei zilizotolewa katika bahasha zilizofungwa, baada ya tangazo la siku kumi. Bahasha zifunguliwe na mkuu wa idara husika pamoja na mdhibiti wa fedha wa mji, mbele ya wazabuni wote wapendao kuhudhuria. Mkataba apewe aliyetaja bei ya chini kabisa, akiwa na dhamana ya kutosha.

Tukikichambua kifungu hicho tunaona kwamba kina nguzo nne, na kila nguzo inajibu hila fulani. Tangazo linajibu hila ya kumpa habari rafiki peke yake. Bahasha iliyofungwa inajibu hila ya kumnong'oneza rafiki bei ya mwenzake ili aishushe kwa dola moja. Ufunguzi wa hadharani unajibu hila ya kubadilisha karatasi usiku. Hapo ndipo hekima ya wahenga inapotimia, kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Mwisho, bei ya chini kabisa pamoja na dhamana vinamnyima mkuu wa idara nafasi ya kuchagua kwa moyo wake, na vinamzuia mzabuni kutaja bei ndogo ya uongo kisha akakimbia kazi.

Mahakama nazo ziliitilia sheria hiyo maanani. Mwaka 1859 Mahakama ya Rufani ya jimbo, katika kesi ya Brady dhidi ya mji wa New York, ilishikilia kwamba mkataba uliotolewa kinyume cha sheria ya zabuni haumpi mkandarasi haki ya kudai malipo. Mwaka 1876 mahakama hiyo hiyo, katika kesi ya McDonald, ilikwenda mbali zaidi. Mtu aliyeupatia mji kokoto na mawe ya barabara bila utaratibu wa sheria alikataliwa malipo, ingawa mawe hayo yalikwisha kutumika. Hukumu hiyo inaonekana kali, na kwa hakika ni kali. Lakini mantiki yake ni wazi: kama mji unaweza kulipa kwa kigezo cha kwamba kazi imekwisha kufanyika, basi kila mtu atafanya kazi kwanza na kuzabuni baadaye, na sheria itabaki karatasi.

3. Jumba la mahakama

Mwaka 1858 bunge la jimbo liliidhinisha kujengwa kwa jumba jipya la mahakama katika mji wa New York, na makadirio yaliyotajwa yalikuwa dola 250,000. Ujenzi ulianza mwaka 1861. Mpaka kufikia mwaka 1871 jumba lilikuwa bado halijakamilika, na fedha zilizolipwa kwa jina lake zilikuwa zimezidi dola milioni 11 kwa makadirio ya kawaida. Wengine wanataja milioni 13. Kwa kulinganisha, mwaka 1867 serikali ya Marekani iliinunua nchi nzima ya Alaska kutoka Urusi kwa dola milioni 7.2. Nyumba moja ya mahakama, isiyokwisha, iliupita ununuzi wa Alaska.

Mambo hayo yaliwezekanaje wakati sheria ya 1853 ilikuwapo? Jibu la kwanza ni la kisheria. Sheria ile ilisema juu ya mji. Jumba la mahakama lilikuwa mali ya wilaya ya New York, ambayo wakati huo ilikuwa na mipaka ile ile ya mji lakini ilikuwa na hazina yake, vitabu vyake na bodi yake ya wasimamizi. Katika bodi hiyo Tweed aliketi tangu mwaka 1858. Watu walikuwa wale wale, barabara zile zile, kodi ilitoka katika mifuko ile ile. Lakini mlango ulikuwa mwingine, na mlinzi wa mlango wa kwanza hakuwa na amri juu ya huu wa pili.

Jibu la pili lina uzito zaidi. Nguzo nne za sheria ya 1853 zote zimesimama kabla ya kazi kuanza: tangazo, bahasha, ufunguzi, uteuzi. Hakuna hata moja iliyosimama penye malipo. Na hapo ndipo kundi la Tweed lilipoweka kambi. Mpango wao ulikuwa rahisi. Fundi akileta hati ya madai, aliambiwa aiongeze. Kiasi alichostahili alilipwa. Ziada iligawanywa kati ya wakubwa. Kwa ushahidi uliotolewa baadaye mahakamani, sehemu hiyo ya wakubwa ilipanda hatua kwa hatua hata ikafikia asilimia 65 ya hati nzima. Mwaka 1870 katiba mpya ya mji, iliyopitishwa kwa juhudi za Tweed mwenyewe, iliweka bodi ya ukaguzi yenye watu watatu: meya Oakey Hall, mdhibiti wa fedha Richard Connolly, na Tweed. Mnamo tarehe 5 Mei 1870, katika kikao kimoja, bodi hiyo iliidhinisha malipo yaliyozidi dola milioni 6, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ni udanganyifu.

Hesabu za jumba la mahakama zilizochapishwa baadaye zimekuwa mashuhuri. Mpiga lipu Andrew Garvey alionekana kupokea dola 133,187 kwa kazi ya siku mbili, na zaidi ya dola milioni 2.8 katika muda wa miaka miwili. Seremala mmoja alilipwa zaidi ya dola 360,000 kwa mwezi mmoja, katika jengo ambalo halikuwa na mbao nyingi. Meza tatu na viti arobaini viligharimu dola 179,729, maana yake kila kipande kilizidi dola 4,000. Baadhi ya hati zilitolewa kwa majina ya watu wasiokuwapo duniani. Nao wakubwa walikuwa pande zote mbili za meza: Tweed alikuwa na hisa katika machimbo ya Sheffield, Massachusetts, yaliyotoa marumaru ya jumba hilo, na kampuni yake ya uchapaji ndiyo iliyochapa karatasi za mji. Palipo na mnunuzi ambaye ndiye muuzaji, zabuni hugeuka kuwa mchezo wa kuigiza.

Haitakuwa haki kunyamazia upande wa pili wa habari hii. Tweed alipendwa. Wahamiaji maskini, hasa Wairishi, waliokimbia njaa ya kwao na kudharauliwa na matajiri wa mji, walipata kwa chama chake cha Tammany Hall kazi, makaa ya mawe wakati wa baridi, na mtu wa kusema nao. Katika majira ya baridi ya mwaka 1870 alitoa dola 50,000 kwa maskini wa kata yake. Wapo waliouliza, na wapo wanaouliza hata leo katika nchi nyingi: kama mkubwa anaiba na kugawa, ubaya uko wapi? Historia inajibu kwa hesabu. Zawadi ile ilikuwa sehemu ndogo sana ya fedha zilizochukuliwa, na deni lililobaki lililipwa na mji mzima, pamoja na wale wale waliopokea makaa. Fukara alirudishiwa senti yake moja, akashukuru, bila kujua kwamba zilichukuliwa nyingi. Hakujua kwa sababu daftari lilikuwa limefungwa.

4. Daftari linafunguliwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kisa cha New York kinatufundisha kwamba hata mali yenye daftari hupotea, ikiwa daftari halisomwi. Maana wezi hao walikuwa na daftari, tena lililoandikwa vizuri. James Watson, mkaguzi wa hesabu za wilaya, alilitunza kwa uangalifu, kwa sababu hata wezi wanahitaji kujua nani amelipwa nini. Mnamo Januari 1871 Watson aliumia katika ajali ya gari la theluji akafa. Mahali pake palipoachwa wazi, makarani wengine waliingia katika vitabu. William Copeland alinakili hesabu kwa niaba ya James O'Brien, aliyekuwa mkuu wa polisi wa wilaya na ambaye alikuwa amekosana na Tweed juu ya madai yake mwenyewe. Karani mwingine, Matthew O'Rourke, alinakili hesabu za majengo ya kijeshi yaliyokodishwa kwa bei ya ajabu.

Nakala hizo zilifika katika gazeti la New York Times, lililokuwa chini ya George Jones. Tangu Julai 1871 gazeti lilianza kuzichapisha. Halikuandika mahubiri marefu. Lilichapa tarehe, jina, kazi na kiasi, mstari kwa mstari. Wakati huo huo mchoraji Thomas Nast, katika jarida la Harper's Weekly, aliwachora wakubwa wale kwa namna ambayo hata asiyejua kusoma alielewa. Tarehe 29 Julai gazeti lilitoa toleo la nyongeza lililokusanya hesabu zote pamoja, na likalitoa kwa lugha mbili: Kiingereza na Kijerumani. New York ilikuwa na Wajerumani wengi sana, na wengi wao walisoma kwa lugha yao. Wahariri walitambua jambo ambalo sheria ya 1853 haikulitamka: tangazo lisilo katika lugha ya mlipa kodi si tangazo kwake.

Matokeo yalikuja upesi. Tarehe 4 Septemba 1871 mkutano mkubwa ulifanyika katika ukumbi wa Cooper Union, na Kamati ya Watu Sabini ikaundwa. Wenye benki walianza kuogopa kuukopesha mji. Wakili Samuel Tilden alifuatilia njia ya fedha kutoka hati za malipo hadi akaunti za benki, akaonyesha jinsi ziada ilivyorudi kwa wakubwa. Mwezi Novemba 1873 Tweed alihukumiwa kwa mashtaka 204, ndani ya jumba lile lile la mahakama lililokuwa bado linajengwa. Baadaye alitoroka hadi Hispania, akakamatwa, akarudishwa, na akafa gerezani tarehe 12 Aprili 1878. Jumba lenyewe lilikamilika mwaka 1881, miaka ishirini baada ya kuanzwa.

5. Kutoka bei ya chini hadi mzabuni wa kuaminika

Katiba ya mji ya mwaka 1873 ilijaribu kuziba mashimo. Kazi na manunuzi yaliyozidi dola 1,000 yalipaswa kufuata zabuni. Gazeti rasmi la mji, City Record, lilianzishwa mwaka huo ili matangazo ya zabuni na habari za matumizi zichapwe mahali pamoja panapojulikana, badala ya kutawanywa katika magazeti ya wafuasi wa wakubwa. Hapa tunaona kwamba fundisho la 1871 lilieleweka: uchapaji uliofanywa mara moja na gazeti binafsi kwa ujasiri sasa ukawa wajibu wa kila siku wa mji wenyewe. Hata hivyo mlango mdogo uliachwa. Robo tatu ya madiwani wakikubaliana, waliweza kuamuru vinginevyo. Kila sheria ya zabuni tunayoijua ina mlango wa namna hiyo, kwa kuwa moto, mafuriko na magonjwa havisubiri tangazo la siku kumi. Hatari haitokani na kuwapo kwa mlango huo, ila hutokea unapozoeleka hata ukawa njia kuu.

Ugumu wa pili ulikuwa katika maneno bei ya chini kabisa. Ubaya wa kanuni hiyo ulijulikana tangu zamani. Mwaka 1683 mhandisi Vauban wa Ufaransa, katika barua kwa waziri Louvois, alilalamika kwamba kushushana bei kunaita watu wasiojua kazi au wasio na mtaji, ambao huacha ngome nusu na mafundi bila ujira. Ushauri wake ulikuwa kutoa bei ya haki na kutimiza ahadi. Kuna pia hila ya mizani: mzabuni hutaja bei ndogo mno kwa kazi anayojua haitakuwa nyingi, na bei kubwa kwa kazi anayojua itazidi. Jumla yake inaonekana ya chini siku ya ufunguzi, lakini siku ya malipo imepanda. Kwa sababu hizo, sheria za Marekani zilihamia polepole kwenye kanuni nyingine, yaani bei ya chini kabisa ya mzabuni mwenye kuaminika: mwenye uwezo, vyombo, mtaji na sifa ya kutimiza kazi. Sheria ya jimbo la New York kuhusu serikali za miji inatumia kanuni hiyo.

Lakini tuangalie yaliyotokea. Neno la kuaminika linamrudishia mkuu wa idara ile nafasi ya kuchagua ambayo sheria ya 1853 ilikuwa imemnyang'anya. Nani ataamua kwamba fulani haaminiki? Kwa hiyo historia ya zabuni ni mwendo wa bembea. Sheria ikikaza sana, mji hupata kazi mbovu ya bei ndogo. Ikilegeza sana, hupata urafiki wa bei kubwa. Hakuna kifungu kinachoweza kuisimamisha bembea hiyo moja kwa moja. Kinachoweza kusaidia ni sharti la kutoa sababu: mkuu anayemkataa mwenye bei ya chini aandike kwa nini, na maandishi hayo yasomwe.

Karne ya 20 ilithibitisha hayo. Mwaka 1986 kashfa ilizuka katika idara ya mji iliyoshughulikia faini za magari yaliyoegeshwa vibaya, ambamo mikataba ya kukusanya faini na ya vyombo vya kompyuta ilitolewa kwa rushwa. Stanley Friedman, kiongozi wa chama cha Democratic katika Bronx, alihukumiwa mwaka huo huo. Mwaka 1989 wapigakura walikubali marekebisho makubwa ya katiba ya mji, yaliyoifuta Bodi ya Makadirio iliyokuwa ikipitisha mikataba, na kuanzisha bodi maalumu ya kutunga kanuni za manunuzi. Kanuni zikawa kitabu kizima, mahali pa kifungu kimoja cha mwaka 1853. Hata hivyo nguzo zilikuwa zile zile: tangaza, funga, fungua hadharani, toa sababu, na ya tano iliyoongezwa kwa gharama ya mamilioni: chapisha malipo.

6. Mazingatio kwa Kongo

Nchi yetu iliipata kanuni ya ushindani kwa njia nyingine, isiyopitia New York. Ubelgiji, kwa sheria yake ya hesabu za Serikali ya tarehe 15 Mei 1846, miaka saba kabla ya sheria tuliyoieleza, iliagiza kwamba mikataba ya Serikali ifanywe kwa ushindani, kwa kutangazwa, na kwa bei iliyofungwa tangu mwanzo. Mawazo hayo yalitufikia pamoja na sheria za kikoloni. Baada ya uhuru, sheria ya tarehe 5 Desemba 1969 ilisimamia mikataba ya umma kwa muda wa miaka arobaini. Kisha ikaja sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, ambayo Kifaransa chake huuita mkataba wa namna hii soko la umma. Sheria hiyo haikuihusu Serikali kuu peke yake. Iliitaja pia mikoa na maeneo yenye kujitawala, na miongoni mwa hayo imo miji kama Lubumbashi, Goma, Bukavu na Kisangani. Iliweka kwamba wito wa zabuni ndio kanuni, na mapatano ya moja kwa moja na mtu mmoja ni jambo la pekee linalohitaji idhini maalumu. Ilitenganisha pia kazi tatu: anayenunua, anayekagua utaratibu, na anayesimamia sheria na kusikiliza malalamiko.

Tukiipima kwa mizani ya historia tuliyoieleza, sheria hiyo ina nguzo zilizo imara. Imejifunza kwamba mnunuzi asiwe mkaguzi wake mwenyewe, jambo ambalo bodi ya ukaguzi ya 1870 ilililipia. Imejaribu pia kuzuia milango miwili ya mji na wilaya kwa kuzitaja ngazi zote. Tukiishia hapo, tungeweza kuridhika. Lakini New York nayo ingeweza kuridhika mwaka 1853.

Neno la mwisho linatuhusu sisi wa masomo ya Kiswahili. Katiba ya nchi ya tarehe 18 Februari 2006 inazitaja lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Kifungu chake cha 142 kinaiagiza Serikali kuzieneza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne, katika muda wa siku sitini tangu kutangazwa rasmi. Amri hiyo inafanana na uamuzi wa wahariri wa mwaka 1871, waliochapa hesabu kwa Kijerumani. Mama auzaye unga sokoni hulipa kodi ya kila siku, na ndiyo inayopaswa kulitengeneza paa la soko hilo. Hawezi kuuliza kwa nini paa limegharimu mara tatu ikiwa tangazo, jina la mshindi na kiasi cha malipo vimeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Kumwambia kwamba habari zilitangazwa ni kumfanyia dhihaka.

Kazi hiyo ina ugumu wake wa kielimu, nao ni wetu. Je, tuseme zabuni, neno linaloeleweka pwani na katika vitabu lakini ambalo wengi hapa kwetu hawalitumii? Tuseme soko la umma, kwa kufuata Kifaransa, huku msikilizaji akifikiria mahali pa kuuzia samaki? Dhamana, mkandarasi, hati ya madai, mkaguzi: kila neno linahitaji kupimwa kwa masikio ya watu wa mitaa yetu kabla ya kuingizwa katika tafsiri. Maneno hayo ndiyo vishikio vya daftari. Pasipo kishikio halifunguki.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba sheria ya 1853 ilizaliwa kutokana na wizi wa Baraza, na kwamba mmoja wa madiwani wa Baraza hilo ndiye aliyeigeuza kuwa bure miaka kumi na mitano baadaye, si kwa kuivunja mlangoni bali kwa kuizunguka na kuingilia penye malipo. Tumeona pia kwamba aliyemwangusha hakuwa kifungu kipya cha sheria. Walikuwa makarani walionakili, gazeti lililochapa, na wasomaji waliosoma, baadhi yao kwa lugha ya kigeni katika nchi ile. Sheria zilizofuata zilijaribu kuufanya usomaji huo uwe jambo la kawaida badala ya jambo la bahati, na kila zilipozembea, wizi ulirudi.

Bahasha hufungwa ili wazabuni wasionane bei zao. Siri hiyo ni halali, na ina mwisho wake: saa ya kufungua. Baada ya saa hiyo hakuna siri nyingine inayostahili kubaki katika fedha za mji, iwe ya jina, ya kiasi, ya sababu, wala ya malipo. Sheria za nchi yetu zimekwisha kusema hivyo kwa Kifaransa. Iliyobaki ni kuzisema kwa lugha ambayo walipa kodi wa miji yetu huitumia wanapohesabu chenji.